Uchina kwa Kipimo cha Kijiji

Fei Xiaotong alifika katika kijiji cha Kaixiangong kiangazi cha mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 25 na bado anauguza majeraha. Desemba iliyotangulia alikuwa katika milima ya Guangxi, kusini mwa Uchina, akichunguza maisha ya watu wa Yao pamoja na mkewe, Wang Tonghui, ambaye naye alikuwa mtafiti. Fei alinasa kwenye mtego uliotegewa chui milia. Mkewe akatoka kwenda kutafuta msaada, asirudi. Mwili wake ulikutwa mtoni siku kadhaa baadaye. Ndoa yao ilikuwa haijatimiza miezi minne.

Kaixiangong, karibu na Ziwa Tai mkoani Jiangsu, alikwenda kupumzika. Dada yake, Fei Dasheng, alikuwa akiwasaidia wanakijiji kuendesha kiwanda cha ushirika cha kusokota nyuzi za hariri, kwa hiyo mdogo mtu alipokewa kama mtoto wa nyumbani. Akaanza kuuliza maswali. Baada ya takriban miezi miwili alikuwa na madaftari ya kutosha kujaza kitabu, akapanda nayo meli kwenda London, akawa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski, gwiji wa anthropolojia wa wakati ule. Kitabu kilitoka mwaka 1939, na hadi leo ni vigumu kuzungumza kwa dhati kuhusu jamii ya Uchina bila kukigusa.

Nakitaja kwa sababu huku kwetu habari za Wachina huletwa kwa jumla jumla. Utasikia kwamba Wachina wanaheshimu wazee, wanapenda biashara, hawaachi mila. Huenda ni kweli, huenda si kweli; tatizo ni kwamba kauli za aina hiyo hazisemi ni Wachina wa wapi, wa mwaka gani, na nani aliyewauliza. Kitabu cha Fei kinaanza kwa kujibu hayo yote. Ni kijiji hiki, chenye kaya zipatazo 360, mwaka huu, na haya ndiyo niliyoyaona.

Aliona nini? Mpunga uliwalisha watu wa Kaixiangong, lakini fedha taslimu ilitoka kwenye viwavi wa hariri waliowalisha majani ya mforosadi. Harusi, mazishi, madeni, nguo za mwaka mpya, vyote vilingoja hariri iuzwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya hariri ikaporomoka. Dunia nzima ilikuwa katika mdororo wa uchumi, na nyuzi zilizosokotwa kwa mkono vijijini hazikuweza kushindana na zile za viwanda vya Japani. Fei alifuatilia anguko hilo la bei ndani ya nyumba za watu, chumba kwa chumba.

Mfano wake mmoja unanishangaza kila ninapousoma. Familia isiyo na uwezo wa kugharamia harusi iliweza kumchukua mtoto mchanga wa kike, akalelewa na yule atakayekuwa mama mkwe wake, na alipofikia umri akaozwa kijana wa nyumba hiyo kwa sherehe ndogo sana. Desturi hii ilikuwako tangu zamani, na watu waliidharau. Mgeni angeliandika kwamba hiyo ndiyo mila ya Wachina, akafunga daftari. Fei aligundua kwamba ilikuwa ikiongezeka, na kwamba iliongezeka kwa sababu hariri imeshuka. Tena hakuishia hapo. Binti aliyelelewa namna hiyo hakuwa na uhusiano wa maana na wazazi waliomzaa, kwa hiyo ule udugu wa ukweni, wenye kupeana zawadi na kusaidiana wakati wa shida, ulinyauka. Bei iliyopangwa katika masoko ya ng'ambo ikampunguzia mtoto wa Kaixiangong idadi ya wajomba wa kumkimbilia.

Na ardhi nayo ilikuwa na yake. Shamba moja lilihesabiwa kuwa na matabaka mawili, la juu na la chini, na kila tabaka lingeweza kuwa na mwenyewe. Mwenye tabaka la chini mara nyingi aliishi mjini, akauza na kununua haki yake kama mtu anavyouza hisa, pengine bila kujua hata shamba lenyewe liko wapi. Mwenye tabaka la juu ndiye aliyelima, na maadamu alilipa kodi ya pango hakuweza kuondolewa kirahisi. Mwaka wa neema mpango huu ulitulia vizuri. Hariri iliposhuka, mkulima akakosa cha kulipia, na wakusanyaji kodi wakaja kutoka mjini.

Pia kulikuwa na upatu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kufafanuliwa sana hapa: mtu mwenye shida ya fedha, tuseme ana mtoto wa kuoza au maiti wa kuzika, anawakusanya ndugu na marafiki, kila mmoja anatoa fungu lake, yeye anapokea kwanza, kisha wengine wanapokea kwa zamu. Tofauti ni kwamba hawakukutana kila wiki au kila mwezi. Walikutana baada ya hariri kuuzwa na tena baada ya mpunga kuvunwa, yaani fedha ilipokuwapo. Fei alionyesha jinsi michezo hiyo ilivyoanza kukwama wakati wa anguko, maana upatu unategemea wote wawe na cha kutoa, na safari hii ukata uliwapata wote kwa pamoja. Ndipo watu wakaangukia kwa wakopeshaji wa riba kubwa.

Hitimisho lake lilikuwa la mtu aliyeishi kando ya mashine za dada yake. Alisema kupunguza kodi za ardhi na kugawa mashamba ni lazima, lakini hakutoshi. Dawa ya njaa ya wakulima ni kuongeza kipato chao, na kwa hiyo viwanda virudi vijijini vikiwa mali ya wanakijiji wenyewe.

Malinowski aliandika utangulizi wa kitabu hicho na kusifu hasa jambo moja: kwamba mwandishi ni mwenyeji anayewaandika wenyeji wenzake. Wasomaji wa Kenya watakuwa wamekwisha kukumbuka kitabu kingine. Katika miaka hiyohiyo, katika chuo alichosoma Fei, London School of Economics, mwalimu huyohuyo alikuwa na mwanafunzi aitwaye Jomo Kenyatta, na mwaka 1938, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Fei, alikiandikia utangulizi kitabu cha Kenyatta kuhusu Wakikuyu. Ningetamani mtu avisome viwili hivyo kwa pamoja darasani. Kenyatta anaandika akiwa mbele ya serikali ya kikoloni iliyochukua ardhi na wamisionari waliopiga vita mila. Anaitetea jamii yake kama kitu kizima chenye mantiki yake. Fei hana mkoloni wa kumjibu ndani ya kijiji kile, ana soko. Kwa hiyo mila kwake haionekani kama ngome ya kulindwa. Inaonekana kama kitu kinachopanda na kushuka.

Sasa tuje kwenye ubishi, kwa maana upo, na ni mkubwa. Kijiji kimoja kinaweza kusema nini juu ya nchi yenye mamia ya mamilioni ya watu? Wakati Fei akihesabu kaya zake 360, Mmarekani John Lossing Buck, aliyekuwa akifundisha Nanjing, alikuwa ametuma wasaidizi wake kupima mashamba 16,786 katika maeneo 168 ya mikoa 22. (Aliyekuwa mkewe, Pearl Buck, ndiye yule mwandishi wa riwaya aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1938. Riwaya zake kuhusu wakulima wa Uchina zilisomwa na watu wengi kuliko majedwali ya mumewe.) Takwimu za Buck bado zinatumiwa na wanahistoria wa uchumi. Zinakueleza ukubwa wa shamba la wastani. Kwa nini upatu wa watu fulani ulivunjika, hazikuelezi.

Mwaka 1962 Maurice Freedman, mtaalamu wa koo za kusini mashariki mwa Uchina, alitoa mhadhara London akisema wazi kwamba Uchina haiwezi kujengwa kwa kupanga vijiji kama matofali: ni jamii yenye dola, maandishi, miji na historia ndefu, na vitu hivyo havionekani vyote kutoka uani kwa mkulima. Mwaka 1982 Edmund Leach, aliyekuwa mwanafunzi wa Malinowski wakati mmoja na Fei, akawa mkali zaidi. Alitilia shaka kama mtu anayechunguza jamii yake mwenyewe anaweza kuiona bila miwani aliyovishwa utotoni. Fei alijibu kwa maandishi mwaka 1990, Leach akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Jibu lake lilikuwa la kiungwana: hakuna kijiji kilicho Uchina nzima, lakini kuna aina za vijiji, na ukizichunguza aina moja baada ya nyingine unaikaribia picha yote.

Hakuwa anajitetea kwa maneno matupu. Wakati wa vita na Japani, alipokuwa mkoani Yunnan, yeye na wenzake walifanya kazi kutoka hekalu kuukuu nje ya Kunming, walikohamia kukimbia mabomu. Walichagua vijiji makusudi: kimoja cha kilimo kitupu, kingine kilichoishi kwa kufuma vikapu na kutengeneza karatasi, kingine karibu na mji ambako mashamba yalikuwa yakiangukia mikononi mwa wenye fedha. Matokeo yalichapishwa Chicago mwaka 1945. Kwa maoni yangu kazi hiyo ni bora kuliko ile iliyompa jina, ingawa haisomwi sana.

Pigo lililomfikia barabara, hata hivyo, naona lilitoka kwa mtu ambaye hakubishana naye kwa nadharia tu. G. William Skinner alikuwa Sichuan mwaka 1949 hadi 1950, wakati utawala unabadilika, na alichoona kule ni kwamba ulimwengu wa mkulima haukuishia kwenye mipaka ya kijiji chake hata kidogo. Ulifika hadi kwenye gulio. Magulio yalipangiana siku katika mzunguko wa siku kumi, jirani akichukua tarehe 1, 4 na 7, mwingine 2, 5 na 8, ili mchuuzi aweze kuzunguka. Kila gulio la ngazi ya chini lilihudumia vijiji vipatavyo 18. Skinner alikadiria kwamba mkulima akifika umri wa miaka 50 amekwisha kwenda kwenye gulio lake si chini ya mara 3,000. Huko ndiko alikokunywa chai na kusuluhisha ugomvi, na mshenga alipatikana hukohuko. Wanawake wengi waliolewa ndani ya eneo la gulio. Makala zake zilitoka mwaka 1964 na 1965, na baada yake mtafiti makini hakuweza tena kuanza na kumaliza na kijiji.

Ajabu ni kwamba Fei mwenyewe aliishia hukohuko. Njia ilikuwa ndefu. Mwaka 1952 sosholojia ilifutwa katika vyuo vikuu vya Uchina kwa hoja kwamba ni elimu ya kibepari. Mwaka 1957 Fei alirudi Kaixiangong, akaandika kwamba mavuno yameongezeka lakini kazi za kando zimepuuzwa na fedha mkononi haionekani. Mwaka huohuo akabandikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia, akanyamazishwa kwa zaidi ya miaka 20. Somo liliporejeshwa mwaka 1979, yeye ndiye aliyepewa jukumu la kulijenga upya. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70 akaanza kuchunguza miji midogo, ile ya magulio, na viwanda vilivyokuwa vikichipuka humo. Kabla ya kufariki mwaka 2005 alikuwa amerudi Kaixiangong zaidi ya mara 20.

Leo watafiti wana vyombo ambavyo Buck angevionea wivu. Chuo Kikuu cha Peking kilianza mwaka 2010 kufuatilia karibu kaya 15,000 katika mikoa 25, zikihojiwa tena na tena baada ya miaka michache. Lakini kazi ya kukaa mahali haijaisha, na anayeionyesha vizuri zaidi ni Yan Yunxiang. Alizaliwa Beijing, akaishi kijiji cha Xiajia, mkoani Heilongjiang, kama mkulima wa kawaida tangu 1971 hadi 1978, kisha akarudi mwaka 1989 akiwa mwanafunzi wa Harvard. Wenyeji walimfungulia makabati. Ndani yake zilikuwamo orodha za zawadi: kwenye harusi au msiba mtu hukaa na kalamu akiandika nani ametoa kiasi gani, na familia huitunza orodha ili ijue itakapolipa. Waliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi na daftari la michango wataelewa uzito wake. Yan akazisoma kama mhasibu, akaona kwamba zawadi zilizokwenda kwa wakubwa wa kijiji kwa kawaida hazikurudi kwa kipimo kilekile, na wala hakuna aliyezitarajia zirudi.

Kitabu chake cha mwaka 2003 kinahusu maisha ya ndani ya familia, na sehemu yake mojawapo ni mahari. Ukiangalia tarakimu peke yake, mahari Xiajia ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, na mtu angesema mila ya kale imefufuka baada ya Mao. Yan alikaa akaona fedha inapita mikononi mwa nani. Zamani iliwaendea wazazi wa binti. Sasa aliipokea bibi harusi mwenyewe, na mara nyingi bwana harusi ndiye aliyemchochea adai zaidi, kwa kuwa kila kilichotolewa kilikuwa mtaji wa nyumba yao wawili, kabla ndugu wengine hawajagawana mali ya baba. Wazee walibaki na deni la harusi, na baadhi yao walihamia chumba kibaya zaidi katika nyumba waliyoijenga wenyewe.