Je, Wajua? Masista wa Kamenge walizikwa Bukavu

Je, wajua kwamba masista watatu Waitalia waliouawa Bujumbura, Burundi, Septemba 2014, walizikwa Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo? Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernadetta Boggian waliuawa ndani ya nyumba yao, parokiani Kamenge. Walikuwa Wasaveri wa Maria, shirika lililoanzishwa Parma mwaka 1945 na padri Giacomo Spagnolo pamoja na Celestina Bottego, mwalimu wa Kiingereza aliyezaliwa Marekani.

Kabla ya Burundi walitumikia Kongo miaka mingi. Lucia alikuwa mkunga: mikono yake ndiyo iliyowapokea watoto wa watu. Uzee na maradhi viliwakuta, nao bado wakaomba kurudi Afrika. Miili yao haikupelekwa Italia; ilivushwa mpaka, ikazikwa kwenye makaburi ya Wasaveri.