Kipande, Kizuizi na Usalama: Msamiati wa Mamlaka na Uhuru wa Raia Nchini Kenya na Tanzania

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu haki za raia katika Afrika Mashariki aghalabu huanzia kwenye sheria na mahakama. Ni nadra kuanzia kwenye msamiati. Hata hivyo, raia hukutana na dola kwanza kwa njia ya maneno. Huamriwa aonyeshe kitu fulani, hupelekwa mahali fulani, au huhojiwa na watu wa idara fulani. Neno linalotumika kulieleza tendo hilo huchangia kuamua kama litaonekana kuwa dhuluma, utaratibu wa kawaida au bahati mbaya tu.

Makala haya yanachunguza maneno manne: kipande, kizuizini, usalama na faragha. Hoja yake ni kwamba maneno matatu ya kwanza yanataja kitu, mahali na hali, lakini hayamtaji mtendaji. Neno la nne linataja haki ya raia, ila bado halijapata uzito unaostahili katika matumizi ya kila siku. Umuhimu wa jambo hili si wa kiisimu pekee, kwani ni vigumu kumdai haki mtendaji ambaye lugha yenyewe haimtaji.

2.0 Kipande: Kitu

Maana ya msingi ya kipande ni sehemu iliyokatwa kutoka katika kitu kikubwa zaidi. Katika mashamba ya wakoloni neno hili lilitumika pia kwa kadi iliyoandikwa siku za kazi za kibarua. Nchini Kenya maana hiyo ilipanuka kutokana na sheria ya usajili wa Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimika kuwa na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi alizozifanya. Hati hiyo ilitiwa katika kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni. Wazungu hawakuwekewa sharti la namna hiyo.

Aliyebeba kipande hakuwa mwandishi wake. Mwajiri ndiye aliyetia saini kuonyesha kwamba mfanyakazi ameachwa kihalali, na aliyeondoka bila saini hiyo aliweza kusakwa na kushtakiwa. Hivyo basi, mtu alitembea na maelezo ya maisha yake mwenyewe, lakini hakuwa na mamlaka ya kuyaongeza, kuyapunguza wala kuyasahihisha. Askari alipouliza kilipo kipande, aliyekuwa akiuliza kwa hakika ni mwajiri na serikali, ingawa swali lenyewe lilitaja kikaratasi tu. Neno limedumu kuliko sheria iliyolizaa: katika mazungumzo ya kawaida nchini Kenya, kitambulisho cha taifa bado huitwa kipande.

3.0 Kizuizini: Mahali

Nomino kizuizi inatokana na kitenzi zuia. Sauti /z/ iliyo kabla ya irabu ya mwisho ni athari ya /l/ ya kihistoria iliyogeuka mbele ya /i/, kama ilivyo katika lea na mlezi, au pokea na mpokezi. Kwa asili kizuizi ni kitu kinachozuia, mathalani gogo lililolazwa barabarani. Kiambishi cha mahali -ni kiliongezwa, na neno likapata maana mpya ya kisheria: mahali anapowekwa mtu asiyeshtakiwa.

Tofauti kati ya kizuizi na kifungo ni ya msingi. Kifungo hutanguliwa na shtaka na hukumu, na kina mwisho unaojulikana. Kizuizi hakina lolote kati ya hayo. Historia ya fasihi ya Kiswahili inatoa mifano miwili. Abdilatif Abdalla alishtakiwa kwa uchochezi kutokana na kijitabu chake Kenya: Twendapi?, akahukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miaka mitatu, akaachiwa mwaka 1972. Hukumu hiyo inaweza kupingwa kwa hoja, kwa kuwa ilitolewa hadharani na mahakama inayojulikana. Alamin Mazrui, mwanaisimu na mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila kufikishwa mahakamani kwa kosa lolote, akatoka mwaka uliofuata. Katika kadhia yake hapakuwa na hukumu ya kukatiwa rufaa. Mamlaka hayo ya kuzuia watu bila mashtaka yaliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997.

Tanganyika ilikuwa na sheria yake ya kuweka watu kizuizini tangu mwaka 1962. Kama ilivyopitishwa wakati huo, sheria hiyo ilimpa Rais uwezo wa kutoa amri ya kumzuia mtu, na ilitamka kwamba amri hiyo haiwezi kuhojiwa na mahakama yoyote. Iliandikwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo wananchi wake wengi hawakuielewa lugha hiyo. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 na kutoa taarifa yake mwaka 1992, iliijumuisha miongoni mwa sheria 40 ilizopendekeza zifutwe au zirekebishwe.

Sarufi ya neno hili inastahili kuangaliwa:

(1) a. Rais alimweka Hamisi kizuizini.
b. Hamisi aliwekwa kizuizini.
c. Hamisi yuko kizuizini.

Katika (1a) mtendaji yupo. Katika (1b) kauli ya kutendwa imemwondoa. Katika (1c) hata tendo lenyewe limetoweka. Kilichobaki ni mtu na mahali alipo, kana kwamba alikwenda huko mwenyewe. Muundo wa (1c) ndio unaozoeleka kwa wepesi zaidi.

4.0 Usalama: Hali

Usalama ni nomino dhahania yenye kuonyesha hali ya kutokuwa na hatari. Neno hilo hilo hutumika kwa chombo cha dola. Nchini Tanzania, idara iliyopewa msingi wa kisheria mwaka 1996 inajulikana kwa wananchi kwa jina la Usalama wa Taifa. Mgawanyiko huu wa maana unadhihirika katika upatanisho wa kisarufi:

(2) a. Usalama umeimarishwa.
b. Usalama wamefika.

Sentensi (2a) inafuata ngeli ya nomino. Sentensi (2b), ambayo husikika katika mazungumzo, inatumia upatanisho wa watu. Wazungumzaji wametambua kwamba nyuma ya jina la hali wamo watu, nao wameisahihisha sarufi ipasavyo. Hata hivyo, tungo zote mbili zinaweza kumaanisha mambo yanayokinzana: ujio wa usalama kwa maana ya (2b) unaweza kuwa mwisho wa usalama kwa maana ya (2a).

Kinyume cha usahihishaji huo ni kirai "watu wasiojulikana", kilichoenea nchini Tanzania hasa kuanzia mwaka 2017, mwaka ambao mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi mjini Dodoma tarehe 7 Septemba. Hapa watu wametajwa waziwazi, lakini kitenzi julikana kimeacha pengo: hakisemi hawajulikani na nani. Kutojulikana kwa mhanga, kwa jirani na kwa mpelelezi ni mambo matatu tofauti. Kirai hiki huyachanganya, na kwa kuyachanganya humpunguzia mpelelezi wajibu wake wa kujua.

5.0 Faragha: Haki

Faragha imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa tupu au kuwa na nafasi. Katika Kiswahili cha kawaida huashiria mahali pa pembeni, na mara nyingine huambatana na hisia ya kuficha jambo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania imelipa neno hili hadhi nyingine: haki ya mtu kuhusu nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba hiyo kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988.

Thamani ya neno hilo ilionekana Kenya katika kesi za Huduma Namba, mpango wa usajili ulioanza mwaka 2019. Mwezi Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mpango huo uendelee kwa masharti ya kuwapo utaratibu wa kutosha wa kisheria. Mwezi Oktoba 2021 ilibatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa athari zake kwa ulinzi wa taarifa za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Swali la kipande lilikuwa limerudi, yaani nani anaandika, nani anasoma na nani anaweza kusahihisha. Safari hii raia alikuwa na haki iliyotajwa, na mahakama ya kuipeleka. Tanzania nayo ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022.

6.0 Hitimisho

Sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania imewapa wanaisimu wajibu mpya. Kutafsiri sheria hakutoshi iwapo tafsiri itarithi miundo inayomficha mtendaji. Waundaji wa istilahi wanapaswa kujiuliza, kwa kila kifungu kinachogusa uhuru wa mtu, iwapo msomaji wa kawaida ataweza kutambua ni nani anayeamuru, ni nani anayetekeleza, na ni nani anayeweza kuzuia. Mtu aliye kizuizini hakujiweka huko. Lugha ya sheria haina budi kumtaja aliyemweka.