Mali bila daftari: funzo kutoka vijiji vya Java

Miaka kadha iliyopita nilisimama mbele ya darasa la kidato cha tatu nikisimulia maisha ya wakulima wa mpunga katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Nilieleza kwa ufasaha, au hivyo ndivyo nilivyodhani, jinsi wanakijiji wa huko wanavyosaidiana kulima, kuvuna na kujengeana nyumba, desturi ambayo wenyewe huiita gotong royong. Nikahitimisha kwa kusema kuwa huko hata umaskini hugawanywa, kila mtu akapata kidogo. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "asiye na shamba huvuna nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tungelizungumza kipindi kijacho, na kipindi kijacho kilipofika nikaanza mada nyingine. Leo nataka kulipa deni hilo, maana swali la binti yule lilikuwa zito kuliko somo langu zima.

Kwanza tukitazame kisiwa chenyewe. Java haifikii hata robo ya ukubwa wa Kenya, lakini katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 151, yaani zaidi ya nusu ya Waindonesia wote. Udongo wake umerutubishwa na volkano, na maji ya milimani huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya mpunga, ambayo huitwa sawah. Kando ya kila nyumba aghalabu pana kiunga, pekarangan kwa lugha yao, chenye minazi, migomba, mihogo, mboga, dawa za miti shamba na kuku wachache. Familia nyingi za wakulima hulima chini ya nusu hekta.

Ajabu ni kwamba katika udogo huo huo zimo ngazi nyingi. Kwa mila za zamani mwanakijiji kamili alikuwa yule mwenye nyumba, kiunga na jaruba. Chini yake alikuwako mwenye nyumba na kiunga pasipo jaruba. Wa tatu alijenga nyumba yake katika kiwanja cha mwingine, na wa mwisho hakuwa hata na nyumba, bali alilala kwa mwenyeji wake. Juu ya wote walikaa wakuu wa kijiji, ambao badala ya mshahara walipewa mashamba ya cheo yaitwayo bengkok, nayo mara nyingi yalikuwa miongoni mwa yaliyo bora. Asiye na jaruba aliweza kulima la mwenzake na kugawana mavuno nusu kwa nusu, au kubaki na theluthi tu pale ardhi ilipokuwa adimu.

Ni haki pia kusema kuwa mila za Java hazikumsahau mwanamke. Binti hurithi ardhi. Katika nyumba nyingine watoto wote hugawana sawa. Katika nyingine hufuatwa kanuni ya kale inayosema kuwa mwana wa kiume hupata mzigo wa mzegazega, yaani mafungu mawili, naye wa kike hupata mzigo wa mgongoni, fungu moja. Na mali waliyoichuma mume na mke pamoja katika ndoa, iitwayo gono-gini, hugawanywa wanapoachana.

Sasa turejee kwa swali: asiye na shamba huvuna nini? Jibu la kale ni kwamba alivuna la jirani, tena si kwa hisani bali kwa haki. Mpunga ulipoiva, wanawake wa kijiji waliingia jarubani kwa makumi, kila mmoja na kisu kidogo kinachofichika kiganjani, ani-ani, wakakata suke moja baada ya jingine. Ilisemekana kuwa kisu kilifichwa ili asishtuke Dewi Sri, mlinzi wa mpunga katika imani za kale. Kila mvunaji alirudi nyumbani na fungu lake, bawon. Fungu hilo lilikuwa kama moja katika kumi, ndugu na jirani wakipata zaidi na mgeni akipata pungufu. Mwenye shamba hakuwa na uso wa kuwafukuza. Angewafukuza leo, kesho nani angekuja kwenye karamu yake au mazishi yake?

Kuvuna hakukuwa mwisho wa kazi. Mpunga ulitwangwa kwa kinu na mchi, na wanawake maskini walilipwa mchele kwa kutwanga mpunga wa wenye nacho. Hivyo jaruba moja lilikuwa na mmiliki mmoja katika vitabu vya kodi, lakini lililisha nyumba nyingi.

Hayo ndiyo aliyoyaona Clifford Geertz, mtaalamu wa Kimarekani aliyefanya utafiti mashariki mwa Java kuanzia mwaka wa 1953 hadi 1954. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1963 alieleza kwamba utawala wa Kiholanzi, ambao tangu 1830 ulilazimisha vijiji kutenga sehemu ya ardhi kwa miwa na mazao mengine ya kuuzwa ng'ambo, uliwasonga wakulima hadi wakagawana umaskini. Mimi nilikariri maneno hayo kama kasuku. Sikujua kuwa watafiti waliomfuata walipohesabu mashamba na saa za kazi nyumba kwa nyumba walikuta picha nyingine. Mmoja wao, Benjamin White, aliyeishi katika kijiji cha eneo la Yogyakarta mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwakuta wasio na ardhi wakifanya kazi saa nyingi mno kwa malipo haba, wakisuka mikeka na kuchemsha utomvu wa mnazi kupata sukari. Umaskini haukugawanywa sawasawa. Kilichogawanywa ni nafasi ya kufanya kazi, na nafasi hiyo ilikuwa ikifinywa.

Iliwahi kujaribiwa njia ya sheria. Mwaka wa 1960 Indonesia ilipitisha sheria za kuweka kikomo cha ukubwa wa mashamba na kulinda wanaolima kwa kugawana mavuno. Utekelezaji ulisuasua, wakulima wakaanza kuyatwaa mashamba wenyewe, na uhasama ukapamba moto. Katika mauaji ya 1965 na 1966, yaliyowalenga wakomunisti na waliodhaniwa kuwa wafuasi wao, watu kwa mamia ya maelfu waliangamia nchini humo, wakiwemo wakulima waliodai ardhi. Baada ya hapo kuitaja tu haki ya ardhi kulikuwa hatari.

Ni katika kimya hicho ambapo mbegu mpya za mpunga ziliingia. Mimea yake ilikuwa mifupi, ikaiva upesi na kwa pamoja, na haikukatika vyema kwa ani-ani; ilihitaji mundu. Mavuno yaliongezeka hata Indonesia ikatangaza mwaka wa 1984 kuwa imejitosheleza kwa mchele. Hayo ni mafanikio ambayo hayafai kubezwa, kwani njaa haina utani. Lakini wakulima wengi wakaanza kuuza mpunga ungali shambani kwa mlanguzi, utaratibu uitwao tebasan. Mlanguzi alikuja na kikosi kidogo cha wanaume wenye mundu, akawalipa ujira, akaondoka. Yeye hakuwa jirani wa mtu, wala hakungoja mtu aje mazishini kwake. William Collier na wenzake waliandika juu ya mabadiliko hayo mwaka wa 1973. Miaka hiyo hiyo mashine za kukoboa mpunga zilienea vijijini, na vinu vikanyamaza.

Hebu tujiulize: mwanamke yule wa ani-ani aliibiwa nini? Hakunyang'anywa ardhi, kwa kuwa hakuwa nayo. Hakuvunjiwa mkataba, kwa kuwa hakuwahi kutia sahihi. Hata angeenda mahakamani, angemshtaki nani, na kwa ushahidi gani? Hata hivyo alipoteza mali, mali iliyomlisha yeye, mamaye na bibiye. Wahenga wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku zote nilidhani wanamwonya mwenye duka. Kumbe wanamsema pia huyu.

Tangu mwaka wa 2017 serikali ya Indonesia imekuwa ikiendesha mpango mkubwa wa kusajili kila kipande cha ardhi na kuwapa wenyewe hati. Sipingi jambo hilo, kwani hati humlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Ninachosema ni kwamba daftari huandika kile tu mwandishi wake alichouliza. Likiuliza "Shamba hili ni la nani?" litapata jina moja au mawili. Halitauliza, "Ni nani waliokuwa wakiingia humu siku ya mavuno?"

Walimu wenzangu, tunapofundisha habari za kijiji chochote, cha Java au cha hapa kwetu, tusiridhike na neno tamu la ushirikiano. Tuulize ushirikiano huo ulimfaa nani, kwa kipimo gani, na nani alikuwa na uwezo wa kuukatisha. Nanyi wanafunzi, nendeni kwa bibi zenu mkawaulize walivuna katika mashamba ya nani, walichota maji wapi, walikata kuni wapi, na ni lini walikatazwa. Yaandikeni majibu yao, maana hayamo katika daftari lolote.

Binti yule alimaliza shule zamani, na sijui aliko. Iwapo anasoma gazeti hili, jibu lake ni hili: asiye na shamba alivuna haki yake, hadi siku haki hiyo ilipofutwa bila mtu yeyote kulazimika kuifuta, kwa sababu haikuwa imeandikwa popote. Nisamehe, binti yangu, kwa kuchelewa.