Likasi: Mtumbwi ulioibwa Tshangalele hauendi mbali, lakini kuupata ni kazi

Mtumbwi wa mvuvi haulali nyumbani. Jioni, nyavu zikiisha kutegwa, unavutwa mpaka kwenye matope na kufungwa kwa kamba kwenye mti au nguzo iliyochomekwa ardhini. Mwenyewe anapanda kijijini, kasia begani. Kwenye ziwa Tshangalele, mashariki mwa Likasi, hiyo ndiyo bandari ya wavuvi wengi, isiyo na ukuta wala taa. Asubuhi ambayo mvuvi anakuta kamba peke yake, shida yake ni mbili kwa mara moja: mtumbwi haupo, na nyavu bado ziko majini, hana namna ya kuzifikia.

Wizi wa mitumbwi hauvumi sana. Tshangalele ikitajwa katika habari, mara nyingi ni kwa sababu ya umeme au ya uchafu wa viwanda unaoteremka na mto Panda kutoka Likasi. Lakini samaki wanaouzwa katika masoko ya Likasi, tilapia na kambale, wanatoka kwa sehemu kubwa katika ziwa hilo, na anayewaleta ni mtu mwenye mtumbwi mmoja tu.

Mtumbwi huo si rahisi kuupata tena. Zamani fundi aliingia porini, akachagua mulombwa mnene, akauchonga. Leo misitu inayozunguka Likasi na Lubumbashi imeliwa na makala, na miti mikubwa iko mbali. Anayetaka mtumbwi mpya anatafuta mbao, misumari na fundi, na vyote vinataka pesa mkononi. Wengi wameisha kuchukua pesa hizo mbele kwa wamama wauza samaki, ambao wanategemea kulipwa kwa samaki. Mtumbwi ukienda, deni linabaki, na mama wa sokoni naye anarudi Likasi na beseni tupu.

Ajabu ya Tshangalele ni kwamba mwizi hana pa kwenda. Ziwa hili, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 400, halikuwako zamani. Lilizaliwa wakati mto Lufira ulipozibwa pale Mwadingusha, na stesheni ya umeme ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo upande maji yanakotokea kuna ukuta wa bwawa na maporomoko. Mtumbwi haupiti hapo. Upande Lufira inakoingilia kuna matete na vinamasi, halafu mto wenyewe. Hakuna mpaka wa nchi nyingine. Kwenye ziwa Tanganyika, linalogawanywa na nchi 4, mashua iliyoibwa usiku inaweza kuamkia nchi nyingine, na kwenye ziwa Moero mwizi akivuka tu amefika Zambia. Hapa, mtumbwi ulioibwa unabaki mle mle ziwani, labda umefichwa ndani ya matete, labda umepakwa rangi nyingine na unavua mbele ya kijiji cha pili.

Basi kwa nini haupatikani? Kwa sababu haujulikani ni wa nani. Mtumbwi wa kuchonga unafanana na mwingine, na mwingi hauna namba wala karatasi. Mwenyewe anautambua kwa ufa alioziba kwa mkono wake, kwa ubao alioubadilisha, lakini hayo ni maneno ya mtu mmoja mbele ya maneno ya mwingine. Mbele ya kapita wa kijiji yanaweza kutosha, maana majirani wapo na wanakumbuka. Mbele ya polisi, aliyeukalia mtumbwi anasema ameununua, na kesi inaishia hapo.

Sheria yenyewe ipo. Kanuni ya adhabu ya Congo, kifungu cha 79 na cha 80, inasema wizi usio wa nguvu unaweza kumfunga mtu mpaka miaka 5, na inawapiga pia wale wanaopokea mali ya wizi. Kinachokosekana ni kitu cha kumuonyesha hakimu.

Tusisahau pia kwamba si kila mtumbwi uliopotea umeibwa. Maji ya Tshangalele ni mafupi na yanapanda na kushuka. Mtumbwi uliofungwa vibaya kwenye matope jioni unaweza kuelea usiku maji yakiongezeka na upepo ukauchukua. Zimekwishatokea lawama kati ya majirani kwa sababu ya kamba mbovu, mahali pengi panapovuliwa samaki, si hapa tu.

Pengine wamejaribu dawa. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa kila pwani kamati yao ya kusimamia mwalo, inayojua kila mashua na mwenyewe, na mashua inabeba namba iliyoandikwa ubavuni. Namba haimzuii mwizi kukata kamba. Inamzuia kuuza, na kwenye ziwa lililofungwa kama Tshangalele hiyo ni nusu ya vita.

Lakini ukimwambia mvuvi wa Congo habari ya kuandikisha mtumbwi, anasikia kitu kingine: kodi. Ana sababu. Ofisi zinazodai pesa kando ya maji ni nyingi, na karatasi moja huzaa nyingine. Daftari la mitumbwi likianzia ofisini mjini, wengi watauficha mtumbwi kwanza, kabla hata mwizi hajafika. Likianzia kijijini, kwa kapita na wavuvi wenyewe, kwa jina, alama iliyochomwa kwa chuma cha moto ndani ya mtumbwi na picha ya simu, gharama yake ni daftari la shule na kalamu. Mwenye moteri aandike pia namba yake, ile iliyo kwenye kibati karibu na mahali moteri inapofungwa, kwa maana moteri ndiyo majambazi wa Tanganyika, upande wa Uvira na Fizi, wanayoitafuta kwanza.

Kipindi kibaya zaidi ni cha mvua, uvuvi unapofungwa ili samaki wazae. Wavuvi wanaenda mashambani au wanatafuta kibarua Likasi, na mitumbwi inabaki kando ya maji wiki nyingi bila mtu wa kuiangalia. Anayeweza anauvuta wake mpaka nyuma ya nyumba. Wengine wanaikusanya pamoja, mnyororo mmoja unapita ndani ya yote, kadena moja, na kijana mmoja anaachwa kulala karibu. Chakula chake kinachangwa na wenye mitumbwi.