Haki ya Kupita: Matembezi Mepesi Kuzunguka Kijiji cha Selborne

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tunaijua nchi hii kwa miji yake. Tukiwa kwenye treni tunaona mashamba ya kijani yakipita dirishani, yamezungushiwa ua wa miti, na tunajiambia kwamba hayo ni mali ya watu. Ni mali ya watu kweli. Lakini katikati ya mashamba hayo hupita njia ambazo mwenye shamba hana mamlaka ya kuzifunga, na mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaweza kuzitembea bila kuomba ruhusa wala kulipa chochote. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za aina hiyo. Nimewaona ndugu zetu wakifika kwenye lango la shamba, wakasimama, wakalitazama, kisha wakarudi walikotoka kwa kuogopa kumkosea mwenye nyumba. Makala haya nimewaandikia wao.

Asili ya haki hii ni ya kale. Kabla ya magari, wanakijiji walikwenda kwa miguu kanisani, kinuni, kisimani na mashambani, na walipita pale palipokuwa karibu. Sheria ya mapokeo ya England inashikilia kwamba njia ikishakuwa ya umma hubaki ya umma mpaka ifutwe kisheria, hata ikikaa miaka mingi bila mtu kuikanyaga. Sheria ya Barabara ya 1980 inaongeza kwamba njia iliyotumiwa na watu waziwazi kwa miaka 20 mfululizo, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa mwenye ardhi ameitoa kwa umma. Na tangu sheria ya 1949 ya hifadhi za taifa na kufikia maeneo ya mashambani, halmashauri za kaunti zinatakiwa kuchora njia hizo kwenye ramani rasmi. Njia iliyochorwa humo haina mjadala mahakamani.

Haki hizi hazikushuka zenyewe. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri. Watano walifungwa jela. Ninapoona mishale midogo ya njia kwenye nguzo za mashamba huwakumbuka hao.

Mishale yenyewe ni rahisi kusoma. Wa njano ni njia ya miguu peke yake. Wa buluu ni njia ya farasi, ambayo waendao kwa miguu na kwa baiskeli nao wanaruhusiwa. Ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita 1, huzichora njia hizi kwa vistari vya kijani, na huonyesha hata ua wa kila shamba. Hiyo ndiyo ramani ya kununua. Simu husaidia, lakini mabondeni mtandao hupotea.

Kwa anayeanza, mimi humshauri aende Selborne, kaunti ya Hampshire, kiasi cha kilomita 80 kusini-magharibi mwa London. Treni kutoka Waterloo hufika Alton, na kutoka Alton kuna kilomita chache za basi. Angalia ratiba mapema, kwa sababu mabasi ya vijijini si ya kila dakika. Kijiji ni mtaa mmoja tu, na njia zake ni fupi. Kilichonifanya nikipende zaidi ni kwamba kilipata mtembeaji aliyekitazama kuliko kijiji kingine chochote England kilivyowahi kutazamwa. Gilbert White alizaliwa hapa mwaka 1720, akawa kasisi, na akatumia maisha yake akizunguka parokia hii moja na kuandika alichokiona: ndege, udongo, panya wa mashambani, mvua, hata kobe wa bustanini kwake. Barua zake zilitoka kuwa kitabu mwaka 1789, na mpaka leo kinachapishwa. Nyumba yake iko mtaani hapo, sasa ni jumba la makumbusho.

Matembezi ya kwanza yanapanda. Nyuma ya kijiji kuna kilima cha chaki ambacho White alisema kinainuka futi 300 juu ya nyumba, yaani mita 90 hivi. Ubavu wake umefunikwa na msitu wa miti ya biichi, yenye magome laini ya kijivu. Mwaka 1753 White na mdogo wake John walichimba njia ya kupanda ubavu huo ikienda kulia na kushoto, kona baada ya kona, ili mtu asiye na pumzi nyingi aweze kufika juu. Njia hiyo bado ipo na bado inafanya kazi iliyokusudiwa. Panda taratibu, pumzika kwenye kila kona, utazame paa za kijiji zikishuka chini yako. Juu kuna ardhi ya pamoja inayotunzwa na shirika la hifadhi la National Trust, malisho yenye miti mikongwe, na hapo mambo hubadilika: kwenye shamba unapaswa kufuata mstari wa njia, lakini kwenye ardhi ya pamoja kama hii unaweza kuzurura utakako. Kisha urudi kwa njia iitwayo Bostal, inayoshuka kwa mteremko wa pole. Mzunguko wote ni saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka.

Tahadhari ni moja, nayo ni chaki. Ikilowa huteleza kama sabuni, na kona za White zina vipande vilivyosuguliwa na viatu vya miaka 270. Baada ya mvua kubwa anza na matembezi ya pili.

Haya yanashuka. Unaanzia kwenye kiwanja kidogo cha kijiji kiitwacho Plestor, unapita ua wa kanisa la Mtakatifu Maria. Humo lipo kaburi la White, jiwe dogo lenye herufi mbili za jina lake na tarehe ya kufa, 26 Juni 1793. Kuna pia kisiki cha mti wa yuu, mti mkubwa uliokuwa maarufu nchini, ambao White mwenyewe alipima mzingo wake. Dhoruba ya Januari 1990 iliuangusha. Nyuma ya kanisa njia inateremka kwenye malisho hadi kijito cha Oakhanger, inavuka daraja dogo, kisha inafuata bonde kupitia miteremko miwili iitwayo Short Lythe na Long Lythe. Maji ya kijito hiki huenda mto Wey, kisha Thames, na kuishia Bahari ya Kaskazini; lakini White aliandika kwamba upande wa pili wa kilima cha Nore, hapo jirani, maji huelekea kusini kwa mto Arun hadi mkono wa bahari unaoitenga England na Ufaransa.

Katika eneo hili utakutana na njia zilizozama. White alikuta barabara mbili za parokia zikiwa chini ya usawa wa mashamba kwa futi 16 hadi 18, karibu mita 5, zimechimbwa na magurudumu na maji ya mvua katika jiwe laini. Ukipita kwenye njia ya namna hiyo unaona mizizi ya miti juu ya kichwa chako. Ni ubaridi na unyevu hata Julai. Vaa gambuti au viatu vya kupanda milima. Raba za mjini hazifai, maana upande huu udongo ni mzito na hung'ang'ania mguu.

Kwenye ua wa mashamba utakuta vilango vidogo vinavyocheza ndani ya kizuizi cha nusu duara: unaingia, unakisukuma upande wa pili, unatoka, na ng'ombe hawezi kukufuata. Lango kubwa ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, kwa sababu huenda mkulima ameliacha ili mifugo ifikie maji. Ng'ombe wenye ndama wapishe mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Kama una mbwa na ng'ombe wakakukimbilia, mwachie mbwa. Wanamfuata yeye, na yeye atawashinda mbio.

White alisumbuliwa maisha yake yote na swali moja: mbayuwayu huenda wapi baridi ikija? John, yule aliyechimba naye njia, baadaye alikuwa kasisi wa jeshi Gibraltar, na alimwandikia kwamba anawaona wakivuka bahari kwenda na kurudi Afrika. Hata hivyo Gilbert hakuacha kudhani kwamba baadhi yao hujificha Selborne, na aliwahi kuwatuma watu wapekue vichaka na mashimo ya kilimani. Jibu la wazi lilipatikana zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake: mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Na teleka, aliowapenda mno, safari zao sasa zinajulikana kwa vifaa vidogo wanavyofungwa migongoni: wale wa Uingereza hukaa miezi ya baridi juu ya bonde la Kongo, na baadhi hufika Msumbiji. Kwa hiyo nenda Mei. Mbayuwayu wanakuwa wameshafika, teleka ndio kwanza wanaingia, na majani ya biichi bado ni mepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Mwanzoni mwa Agosti teleka wanaondoka.

Limebaki jambo linalowatia watu wasiwasi kuliko yote. Njia nyingine za miguu hukatiza katikati ya shamba la ngano. Mkulima anaruhusiwa kulilima, lakini lazima airudishe njia ndani ya siku 14, na aiache na upana usiopungua mita 1. Ukikuta ngano imeota juu yake, una haki ya kupita katikati kwa mstari wa ramani. Kwa sisi tuliofundishwa kwamba chakula cha mtu hakikanyagwi, hatua ya kwanza ni ngumu. Piteni mmoja nyuma ya mwenzake, na mimea itaumia kidogo. Ukikuta waya, lango lenye kufuli au rundo la mbao limeziba njia, piga picha, andika mahali ulipo, kisha uipelekee taarifa halmashauri ya kaunti. Hapo ni Hampshire, na sheria inaibana ihakikishe njia inafunguliwa. Taarifa yako ina uzito uleule wa taarifa ya aliyezaliwa kijijini hapo.