Kadi Isiyosema

Sauti ya simu ya intaneti hukatwa vipande kabla ya kusafiri. Kwa kodeki ya G.711, iliyozoeleka maofisini, kila pakiti kwa kawaida hubeba milisekunde 20 za sauti, hivyo kila upande wa mazungumzo hutuma pakiti 50 kwa sekunde. Pakiti moja na vichwa vyake vya Etheneti ni baiti 218, yaani kila upande hutuma kilobiti 87 hivi kwa sekunde. Simu 100 zikipigwa kwa pamoja, pande zote mbili, pakiti ni 10,000 kwa sekunde na mzigo haufiki megabiti 18. Kadi ya mtandao ya gigabiti moja inaubeba bila kutoka jasho. Basi anayeongeza kadi ya pili kwenye mashine ya ufuatiliaji, yaani kompyuta inayonasa simu ili kupima ubora wake, akidhani anatafuta kasi amekosea sababu, ingawa kadi yenyewe anaihitaji kweli.

Anaihitaji kwa ajili ya utengano. Swichi humpelekea kila mtu pakiti zake tu, kwa hiyo mashine ya ufuatiliaji ikichomekwa popote haisikii chochote cha maana. Fundi huiagiza swichi inakili trafiki ya poti iendayo kwenye seva ya simu, au kwenye ruta, na kuimwaga kwenye poti nyingine inayoitwa poti ya kioo. Poti hiyo, katika swichi nyingi, hutoa tu wala haipokei. Mashine yenye kadi moja hapo itasikia kila kitu ila haitafikika: hutaingia kutoka mbali, haitatuma ripoti, haitaweza hata kurekebisha saa yake. Ndipo kazi zinapogawanywa. Kadi ya kwanza haipewi anwani, inapokea kila pakiti hata isiyoandikiwa yeye, na IPv6 inazimwa juu yake, maana Linux ikiachwa hivihivi hujitungia anwani na kuanza kujitangaza. Kadi ya pili inapewa anwani ya kawaida na kuunganishwa kwenye mtandao wa usimamizi.

Kuna atakayesema kwamba zipo swichi zinazoruhusu poti ya kioo kupokea pia, kwa hiyo kadi moja inatosha. Zipo, ni kweli. Lakini fikiria unavuta faili kubwa la jana kupitia kadi ileile inayonasa simu za leo. Mashine ikilemewa, pakiti kadhaa hudondoka ndani yake yenyewe. Kila pakiti ya sauti ina namba ya mfuatano, na programu kama Wireshark ikiona pengo kwenye namba hizo husema pakiti zimepotea, bila kujua zimepotelea wapi. Ripoti itaushtaki mtandao usio na hatia. Kadi ya pili haimalizi hatari hiyo, kwa kuwa diski na prosesa bado ni za pamoja, ila huondoa chanzo kimoja cha uongo. Njia ya usimamizi nayo isipite kwenye poti inayonakiliwa; ikipita, mashine itajinasa ikituma ilichokinasa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini tusinase kwenye seva ya simu yenyewe? Kwa sababu mara nyingi sauti haipiti huko. Seva kama Asterisk inaweza kupanga simu mbili zizungumze moja kwa moja. Maagizo ya kuunganisha simu, yaani ya SIP, hupita kwake kupitia poti 5060, sauti ikakata njia ya mkato. Atakayenasa hapo ataona simu imeunganishwa vizuri, na mteja bado analalamika kwamba sauti inakatika. Kioo nacho lazima kiwekwe pale sauti inapopita, la sivyo kosa ni lilelile.

Linabaki suala la siri. Simu ya G.711 isiyosimbwa, ikishanaswa, yeyote mwenye faili anaweza kuisikiliza, na sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinayahusu mazungumzo ya namna hiyo. Kwa kupima ubora maneno hayahitajiki. Katika mtandao wa IPv4 usio na alama za VLAN, baiti 54 za kwanza za kila pakiti ya sauti kwa kawaida zina namba ya mfuatano na muhuri wa muda. Zilizobaki zikatwe papo hapo, na SIP inaswe nzima kando. Hata sauti ikisimbwa kwa SRTP vichwa hivyo hubaki wazi, na kipimo hakipungui.