Rais Ndani ya Bunge: Namna Sheria Inavyotungwa Tanzania

Ibara ya 62 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatamka kwamba Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge. Rais si mbunge, wala haketi katika ukumbi wa Dodoma ila anapokwenda kulihutubia Bunge. Hata hivyo bila yeye hakuna sheria, na wanaolitazama Bunge kama chombo kilichojitenga kabisa na Serikali huikosea picha tangu mwanzo.

Wabunge wenyewe hawaingii kwa mlango mmoja: wengi huchaguliwa majimboni, wanawake wa viti maalumu hupatikana kwa uwiano wa kura za vyama, watano huchaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, wasiozidi 10 huteuliwa na Rais, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huingia kwa wadhifa wake.

Sheria huanza kama muswada, yaani rasimu ya sheria inayopendekezwa, ambayo mara nyingi huletwa na Serikali na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Katika kusomwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Muswada hupelekwa kwenye kamati ya kudumu, ambayo huwaita wadau watoe maoni, na hapo ndipo mwananchi wa kawaida ana nafasi ya kweli ya kusikika, nafasi ambayo hufinywa mno Serikali inapoleta muswada kwa hati ya dharura. Katika kusomwa mara ya pili wabunge hujadili misingi ya muswada, kisha Bunge hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu, kabla ya kusomwa mara ya tatu na kupitishwa.

Hatimaye muswada hupelekwa kwa Rais ili aukubali. Akikataa, huurudisha pamoja na sababu zake. Lakini ukiungwa mkono tena na theluthi mbili ya wabunge wote na kumrudia ndani ya miezi sita, Ibara ya 97 humtaka aukubali katika siku 21, ama sivyo alivunje Bunge. Silaha hiyo hukata pande zote mbili, kwa kuwa wabunge hupoteza viti vyao, na kwa mujibu wa Ibara ya 38 Bunge likivunjwa kiti cha Rais nacho huwa wazi.